Garissa baada ya Magharibi

Saa tisa alasiri mji wa Garissa huwa umejifungia. Mabati yanachoma, hewa imepita nyuzi 35, na mwenye duka amejinyoosha mkekani nyuma ya magunia ya mchele. Mgeni anayeshuka basi saa hiyo huona vumbi jeupe, mbuzi wachache chini ya mwarobaini, na korongo wakubwa wa marabou waliotua juu ya miti na paa za nyumba. Huulizia gesti, akaingia chumbani, akawasha feni, na mara nyingi hatoki tena mpaka alfajiri. Akifika kwao huwaambia watu kwamba Garissa hakuna kitu.

Maneno hayo hunikera, maana aliyeyasema ameuona mji ukiwa umelala. Garissa haiishi mchana. Wenyewe hupanga maisha yao kwa jua: kazi nzito hufanywa asubuhi na mapema, adhuhuri watu hujificha, baada ya alasiri milango huanza kufunguliwa, na baada ya Magharibi ndipo mji hutoka nje na kuwa mji. Kumhukumu mtu kwa usingizi wake ni dhuluma, na mji vilevile.

Wageni wa usiku mmoja hapa si haba. Garissa ni mlango. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370 kwa njia ya Thika na Mwingi. Sisi wa Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Hola, tukaibukia Madogo, tukavuka daraja la Tana. Kutoka hapo njia zinagawanyika: moja yapanda Modogashe na Wajir hadi Mandera, moja yaenda Dadaab na Liboi mpakani mwa Somalia, nyingine yateremka Masalani kuelekea upande wa Lamu. Kwa sababu za usalama, anayeendelea mbele husubiri kukuche. Kwa hiyo mwalimu aliyepata kituo kipya, muuguzi anayerudi zamu, dereva wa lori, mfanyakazi wa mashirika anayekwenda kwenye kambi za Dadaab zilizopo tangu 1991, mwanafunzi anayerudi kwao Wajir, wote hujikuta na jioni moja tupu mikononi, peke yao, katika mji ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu zaidi ya 160,000. Hao ndio ninaowaandikia. Tokeni nje.

Mimi nilikuwa njiani kwenda Wajir kikazi. Nilitoka gesti yapata saa kumi na moja na nusu, baibui langu mwilini, mkoba mdogo begani, simu nimeiweka ndani. Nilifuata barabara ya Kismayu, nikakata kuelekea sokoni bila kuuliza, kwa kufuata tu mkondo wa watu. Tuktuk zilikuwa zikipita kwa kubanana. Watoto waliovaa kanzu walikuwa wakirudi kutoka madrasa na mbao zao. Kina mama walikuwa wametandaza magunia kando ya njia na kupanga nyanya, ndimu, maembe na ndizi zilizotoka mashamba ya ukingoni mwa Tana. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba kaskazini mashariki ni ukame mtupu na asimame mbele ya fungu la ndizi za Garissa. Mto ule, mrefu kuliko yote Kenya, unapita mlangoni, na Wamunyoyaya na jamaa zao wamelima kando yake tangu enzi za mababu.

Nilikokaa muda mrefu ni kwa wauza maziwa. Maziwa ya ngamia hutoka malishoni kwa magari na pikipiki ndani ya madumu ya plastiki, na wanaoyapokea, kuyaonja, kuyachanganya na kuyauza ni wanawake. Wengi wao ni watu wazima, wana hina vidoleni, na hesabu zao wanazifanya kichwani. Vyombo hufukizwa moshi wa kuni maalumu kabla maziwa hayajatiwa, na ndiyo maana mnywaji wa mara ya kwanza huhisi ladha ya moto ulimini. Nilipoinama kuuliza bei, mmoja aliniita abaayo, kama wanavyomwita dada, akanisogezea kigoda kabla hajanijibu. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu aliniuliza usiku ule: "Umekuja na nani?"

Nilimwambia niko peke yangu, napita tu. Akamgeukia mwenzake, wakazungumza Kisomali kidogo, halafu akanirudia kwa Kiswahili. "Basi kaa hapa mpaka waswali. Sasa hivi watu wataondoka, utatembea na nani?"

Nilikaa. Adhana ilipoanza, ilitoka msikiti mmoja ikapokewa na wa pili na wa tatu, na kabla haijaisha soko lilikuwa limesita. Mwenye duka la nguo alivuta kitambaa mbele ya bidhaa zake akaenda zake. Hakufunga kufuli. Mabunda ya shilingi ya mbadilisha fedha yalifunikwa vivyo hivyo. Mimi ni Mwislamu na nimekulia Pwani, adhana si ngeni kwangu; lakini Mombasa siku hizi sala hukuta biashara ikiendelea, kila mtu na lake. Hapa soko lote liliinuka. Kwa dakika chache nilibaki na wale kina mama, madumu yao na paka wawili, giza likishuka haraka kama linavyoshuka kwetu sote tulio karibu na ikweta.

Watu waliporudi, walirudi wengi kuliko waliokwenda. Taa zikawashwa, majiko ya makaa yakatolewa nje, viti vya plastiki vikapangwa hadi ukingoni mwa barabara. Wazee walikaa na vikombe vya chai ya maziwa yenye hiliki na tangawizi. Vijana walikusanyika penye simu na miraa. Wanawake walitoka kwa makundi, wakinunua vitenge, manukato na viatu vya watoto, kwa sababu ni saa hiyo tu mtu anaweza kuchagua nguo bila kulowa jasho. Nilipita soko la Suuq Mugdi polepole, nikipapasa vitambaa, na hakuna aliyenivuta mkono wala kunifuata na bei.

Mgeni anayelitazama soko lile anapaswa kujua limepitia nini. Novemba 2012 wanajeshi watatu waliuawa kwa risasi mjini Garissa, na katika msako uliofuata Suuq Mugdi liliteketea. Wakazi na shirika la Human Rights Watch waliwalaumu wanajeshi kwa moto ule. Wafanyabiashara walipoteza mtaji wa maisha yao kwa siku moja. Ninapoona taa na nguo zilizotundikwa pale leo, naona kazi ya watu waliojenga upya walichonyang'anywa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wakoloni walikuwa wameifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwamo, kuwa eneo lililofungwa, la kuingia na kutoka kwa kibali. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwezi huohuo, vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, vikaanza, na sheria za hali ya hatari zikabaki mpaka 1991, miaka mingi baada ya mapatano ya Arusha ya 1967 kuzima vita vyenyewe. Mtu aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alifika umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria sawa na za mtu wa Nakuru. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na wakazi wakafungiwa kwenye uwanja wa shule bila chakula wala maji. Yote hayo yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa 2013. Wazee wanaokunywa chai kando ya barabara wanayakumbuka. Sikuwauliza, si jambo la kumuuliza mtu mzima uliyekutana naye usiku mmoja.

Kisha yakaja ya juzi. Julai 2012 makanisa mawili yalishambuliwa siku ya Jumapili, na viongozi wa Kiislamu wakajitokeza kusema vijana wao watayalinda. Mwaka 2013 hata mikahawa ilipigwa risasi watu wakila. Na tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, magaidi wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Hakuna Mkenya mwenye moyo anayeitaja tarehe hiyo bila kutulia kidogo. Walikuwa watoto wa Kitui, wa Kisii, wa Bungoma, wa kila mahali, waliokuja kusoma.

Baada ya siku ile serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pima maana yake katika mji unaoishi usiku. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo Magharibi. Sala ya Isha msikitini ikawa shida. Mwanamke wa maziwa alitakiwa kufunga biashara saa ileile wanunuzi wanapotoka. Mwenye mkahawa alizima jiko kabla ya mteja wa kwanza wa jioni. Mgonjwa na mja mzito waliomba gari lisikute kizuizi. Nimeishi chini ya kafyu ya korona ya 2020 pale Mombasa pamoja na Wakenya wote, na najua jinsi tulivyolalamika. Lakini sisi tulifungiwa na nchi nzima, kwa ugonjwa wa dunia nzima. Garissa ilifungiwa na majirani zake tu, na ilifungiwa kwa namna inayowafanya watu wajihisi washukiwa kwao wenyewe.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jioni ya Garissa ni jambo dogo. Kila kiti kinachowekwa nje baada ya Isha kimerudi kutoka mahali kilipokuwa kimepelekwa. Chuo nacho kilifunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wanafunzi kutoka pande nyingine za nchi wamerudi. Nilisikia Kiluhya na Kikamba sokoni, wasichana watatu wakipatana bei ya shuka.

Njaa iliponishika nilielekezwa mkahawa wenye chumba cha familia. Wanawake wanaosafiri peke yao na waandike hili kwenye kumbukumbu zao: mikahawa mingi ya Garissa ina sehemu ya ndani yenye pazia, kwa ajili ya familia na wanawake, na ukiingia humo unakula kwa raha, hakuna wa kukukodolea macho. Supu huja kwanza, ya moto, na ndimu pembeni, hata hujaiagiza. Kisha sinia la wali wenye zabibu na mnofu wa mbuzi uliopikwa mpaka umelegea, na ndizi mbivu ambayo hapa huliwa pamoja na wali, si baada yake. Jaribu. Pilipili yao ya kusaga, bisbaas, ni kali, na mimi niliyekulia kwenye achari naipa heshima zake. Nyama ya ngamia pia ipo. Nilimaliza kwa chai ya maziwa ya ngamia.

Meza ya pili alikaa mama na binti zake wawili. Hawakuvumilia kuniona nikila peke yangu. Binti mdogo alitumwa kuja kunihamisha mimi na sinia langu, na nikala kilichobaki katikati yao. Hapa nasema wazi kwamba nilikuwa nimeitamani ile jioni ya upweke. Nilikuwa na kitabu mkobani. Katika miji mikubwa upweke wa msafiri huheshimiwa. Nairobi unaweza kula, kulipa na kuondoka bila mtu kukuuliza jina, na London, kwa wanavyosimulia ndugu zangu walioko huko, mtu anaweza kukaa mwezi hivyo. Kuna uhuru ndani yake, sikatai. Garissa uhuru huo haupo, ama upo kidogo sana. Mtu wa peke yake kwao ni mtu aliyepungukiwa, na kila anayemwona anajiona ana wajibu wa kumkamilisha. Nilikifunga kitabu changu, na yule mama akanieleza safari ya Wajir kituo kwa kituo: wapi maji ni ya chumvi, wapi basi husimama kwa sala, wapi nisinunue chai.

Tabia hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani. Desemba 2015, miezi minane tu baada ya maafa ya chuo, washambuliaji walilisimamisha basi katika kaunti ya Mandera wakitaka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016 kwa majeraha. Waliokuwa wamepanda naye walikuwa wageni kwake, watu wa safari moja. Ninapomfikiria namkumbuka binti yule mdogo akinyanyua sinia langu, na naona mambo hayo mawili yametoka nyumba moja.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa, na ukarimu wa wakazi usiwe kisingizio cha serikali. Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua hapa mitambo ya umeme wa jua ya megawati zipatazo 55, inayolisha gridi ya taifa; hata hivyo nilipita vichochoro vilivyokuwa giza totoro, nikamulika njia kwa simu. Mwanamke anayefunga meza yake ya maziwa saa nne usiku anastahili taa kabla ya mtu yeyote. Anastahili pia choo safi cha umma karibu na anapofanyia kazi. Na mto! Mji una Tana kando yake, nami sikuona mahali pa umma pa kukaa jioni na kuutazama kwa usalama, mbali na mamba na viboko. Najua mto huo si wa kuchezewa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na mji, watu wakavuka kwa mashua, na wapo waliozama. Lakini penye nia panaweza kujengwa ukuta, ngazi na viti. Kwa sasa, anayetaka kuona wanyama kabla jua halijazama na aende Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji, ambako twiga huishi karibu na wafugaji bila ugomvi.

Machache kwa atakayetoka. Vaa kwa stara, mwanamume na mwanamke. Salimia kwanza, ununue baadaye. Usipige picha za watu bila idhini, na daraja na askari usiwapige kabisa. Beba kitambulisho. Muulize mwenye gesti hali ya usalama ya siku hiyo, umsikilize, na ukiambiwa usitoke, usitoke. Ikifika saa nne, chukua tuktuk.

Mimi nilirudi kabla ya hapo. Kijana wa mapokezi alikuwa macho, anasoma notisi zake. Ni mwanafunzi na kazi ya usiku humlipia karo. Alitaka kujua nimeuonaje mji, nikamsimulia, akafurahi hasa kusikia habari za lile sinia. Kisha akaniambia kwamba ana safari ya Mombasa likizoni, mara yake ya kwanza, naye atakuwa na jioni moja ya bure. Aende wapi?

Nilimpa yote niliyo nayo. Ateremke Mama Ngina baada ya alasiri, akae ukutani aone meli zikiingia mlango wa Kilindini, anunue mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu. Magharibi aswali Mji wa Kale, halafu atembee kuelekea Ngome ya Yesu palipo na viazi karai na mishikaki. Alikuwa akiandika kila kitu pembeni mwa notisi zake.

Akasita. "Na polisi, dada? Mimi sura yangu unaiona."

Nilijua anachouliza. Tangu mchujo wa 1989, uliowataka Wasomali wa Kenya wabebe kadi yao ya pekee, hadi Aprili 2014, waliposombwa kutoka mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, kijana wa Kisomali anayetembea peke yake usiku katika miji yetu ameulizwa kitambulisho mara nyingi kuliko mimi maishani mwangu mwote. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini Wajir amri ya kuondoa mchujo wa ziada waliokuwa wakipitishwa watu wa kaskazini ili wapate vitambulisho. Ni hatua. Lakini amri hiyo haitakuwapo Mama Ngina saa mbili usiku askari atakapomsimamisha.

Sikumwambia kwamba hataulizwa. Nilimwambia mama yangu anakaa Makadara, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, na kwamba usiku ule atakula kwetu. Nikamwandikia nambari yangu chini ya ile orodha, na ya mama.